Beng Swee na Viboksi vya Ukutani

Khoo Beng Swee hakuwa mtu wa kuamini soketi iliyofungwa na fundi mwingine. Akienda kumtembelea mtu, hata kabla hajakaa, macho yake yalikuwa yameshazunguka ukuta mzima: hii imekaa upande, ile imeungua pembeni, aliyefunga swichi hii angenyimwa hata chai. Mjini kwake, Bukit Mertajam, alifunga nyaya kwenye nyumba mia nne na ushee katika miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote aliugusa waya kwanza kwa mgongo wa mkono, kamwe si kwa kiganja. Kiganja kikipigwa na umeme hujifumba na kushika. Mgongo wa mkono hukurudisha nyuma. Mzee aliyemfundisha hilo alikufa kwa kiganja, siku moja tu aliposahau.

Basi Beng Swee akaishi maisha yake yote kwa mgongo wa mkono. Daktari, muuza bima, samaki wa sokoni, fundi wa baiskeli, wote aliwagusa hivyo kwanza. Mkewe Gaik Sim alikuwa akimcheka: "Wewe hata mimi ulinipima miaka mitatu ndipo ukanioa." Gaik Sim alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo hapakuwa na wa kumcheka, ikawa shaka zake zinaota kama magugu kwenye bustani isiyopaliliwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa, imebanana na za majirani ukuta kwa ukuta, na kila waya uliokuwa ndani yake aliupitisha yeye. Mwanawe Chee Kiat aliporudi kutoka Kuala Lumpur na mkewe Pei Yoong na binti yao En Qi wa miaka minne, mzee aliwapa vyumba vya juu, upande wa nyuma. Siku ya kwanza alimsimamisha mkwewe sebuleni akamwonyesha vitu viwili.

"Hili boksi la fyuzi, usiliguse. Na hii taa ya Mama, usiiguse. Mengine yote ya kwako."

Pei Yoong akasema, "Sawa, Baba," akainama kidogo mbele ya picha ya Gaik Sim, kama anavyoinama mtu aliyelelewa. Alikuwa mtu wa Sibu, ng'ambo ya bahari, mpole, mwenye maneno machache. Beng Swee hakuupenda huo uchache wa maneno. Kwake yeye mtu asiyesema sana ana anachokificha, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Taa hiyo ilikuwa mbele ya picha, kwenye meza ya ibada. Siku za kawaida pale paliwaka balbu ndogo nyekundu, ya zamani. Lakini siku ya kwanza ya mwezi mwandamo na siku ya kumi na tano, mwezi unapokuwa mpevu, Beng Swee aliweka machungwa, akachoma udi, na akawasha taa kubwa yenye umbo la ua la yungiyungi, inayobadilisha rangi, ikawaka kuanzia asubuhi hadi jioni. Gaik Sim aliipenda taa hiyo. Ilipokufa adapta yake, mzee alinunua nyingine soko la jioni kwa ringgit nane tu, bei ya kutupa, akaichomeka, ikawaka.

Shida ilianza na intaneti. Ilikuwa inaingia kwa mlango wa mbele na kuishia kwenye ruta, chini ya televisheni. Chumba cha kazi cha Pei Yoong kilikuwa juu, nyuma ya bafu na nyuma ya kuta mbili za matofali, na mawimbi ya ruta yalifika huko yakiwa hoi. Chee Kiat alitaka kutoboa ukuta apitishe kebo.

"Utatoboa vigae alivyochagua mama yako?"

"Basi, Baba, basi." Siku tatu baadaye akaja na viboksi viwili vyeupe, kila kimoja sawa na kipande cha sabuni ya kufulia. "Kimoja unachomeka hapa karibu na ruta, kingine unachomeka juu. Intaneti inapita humo humo kwenye nyaya za umeme. Hakuna kutoboa."

Beng Swee alikigeuza kiboksi huku na huku. "Nyaya zangu nimezifunga zipeleke moto. Nani amezipa kazi ya utarishi?"

"Zinafanya zote mbili, Baba. Hazigombani."

"Na waya unaishia ukutani kwangu? Unaenda mpaka mita, unaenda mpaka nguzo. Huyo Maniam hapo jirani si atakaa anasoma barua zetu?"

"Vina kufuli. Unabonyeza kitufe hiki, na hiki, vinajuana. Kingine hakiingii."

"Kufuli la kubonyeza!" mzee akasema. "Hata mlango wa choo una komeo."

Lakini vilichomekwa, na kwenye kila kimoja ikawaka taa ndogo ya kijani. Ikiwa kijani, alieleza Chee Kiat, njia ni safi. Ikiwa nyekundu, njia imechafuka. Beng Swee akaguna, akakigusa kile cha chini kwa mgongo wa mkono. Kilikuwa vuguvugu, na hakupenda.

Ni lazima ieleweke kwa nini taa hiyo ya kijani ilikuwa muhimu hivyo. Pei Yoong alikuwa ameajiriwa na kampuni moja ya bima ya Kuala Lumpur, kazi ya kuzungumza na wateja kwa video, kusikiliza madai yao, akiwa nyumbani. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Msimamizi wake, Puan Salbiah, yaani Bibi Salbiah, hakuwa mwanamke wa mchezo. Na Chee Kiat alikuwa amekwisha kusema waziwazi mezani: mkewe akipata kazi, watabaki Bukit Mertajam, akikosa, yeye atakubali ile nafasi ya bohari huko Johor Bahru, na watahama wote watatu. Johor iko mwisho kabisa wa nchi. Beng Swee aliposikia aliendelea kula wali kama hakusikia, lakini usiku ule hakulala. Aliogopa. Hakuogopa umeme, hakuogopa kufa. Aliogopa kuamka asubuhi ndani ya nyumba hiyo asisikie miguu ya En Qi ikishuka ngazi kuja kuchovya mkate wake kwenye kahawa ya babu.

Mara ya kwanza mtandao kukatika ilikuwa Jumanne. Pei Yoong alishuka haraka, uso umejaa wasiwasi.

"Samahani, Baba. Umezima swichi yoyote?"

Beng Swee alimwangalia. Fundi wa miaka arobaini anaulizwa kama amezima swichi, tena nyumbani kwake, tena na mtu aliyeingia juzi. "Mimi nikizima kitu," akasema, "hukizima kwa sababu."

"Nimeuliza tu, Baba."

"Na mimi nimejibu tu."

Baada ya wiki mbili, Jumanne tena, mtandao ukakatika kutwa nzima. Baada ya wiki mbili na siku moja, Jumatano, ukakatika tena, mteja wa watu akaachwa kinywa wazi katikati ya habari za ajali yake. Puan Salbiah akaonya: mara nyingine kama hiyo na mkataba hakuna.

Beng Swee hakuuliza mtu. Alikaa kwenye kiti chake cha rotani, akaanza kushuku kwa mpangilio, kama fundi anavyotafuta hitilafu: kutoka nguzo ya nje kuja ndani. Nje kulikuwa na Maniam. Maniam alikuwa mkagua tiketi mstaafu wa reli, na nyuma ya nyumba yake alichimba kidimbwi cha samaki wa rangi. Na kila baada ya wiki mbili, Beng Swee aliwahi kuona kwa macho yake, Maniam alitoa pampu kubwa akasafisha kidimbwi. Wiki mbili! Mzee alipiga paja. Ama pampu inachafua laini, ama Maniam ana kiboksi chake na anavuta intaneti ya bure kupitia waya, akijifanya anaosha samaki.

Ndani kulikuwa na Pei Yoong. Hilo lilimjia polepole, na alipolifikiria mara moja hakuweza kuacha. Nani anataka kwenda Johor? Nani ana dada yake anayeishi huko? Mtu akitaka kuhama na hataki kusema, si anaweza kukichomoa kiboksi mwenyewe, akashuka na uso wa huruma kuuliza nani amezima swichi? Kikulacho ki nguoni mwako, Beng Swee alijiambia. Kuanzia siku ile akawa anapanda ngazi bila viatu, asisikike.

Hivyo ndivyo alivyosikia, jioni moja, sauti ya mkwewe nyuma ya mlango, akizungumza na mumewe.

"Usimwambie. Nakuomba, usimwambie. Mwache tu."

"Hata hivyo atajua."

"Atajua tukishamaliza. Saa hizi mwache."

Beng Swee alishuka akashika mbao za ngazi kwa nguvu. Roho ilimwuma kama mtu aliyeibiwa. Usiku ule kwenye chakula alimtazama Pei Yoong akimwekea samaki kwenye bakuli, kipande kizuri cha shavu, kama kawaida yake, na hata samaki yule akamshuku.

Ikafika Jumatano nyingine. Ilikuwa siku ambayo Puan Salbiah alisema atakaa na Pei Yoong kwenye mazungumzo yake yote, asubuhi nzima, kisha aamue. Pei Yoong aliomba siku ibadilishwe, msimamizi akakataa. Beng Swee alijua hayo kutoka kwa mwanawe, na hilo la kuomba siku ibadilishwe likamzidishia shaka. Kwa nini siku hii na si nyingine? Aliamka mapema, akaweka machungwa mbele ya picha, akachoma udi, akawasha taa kubwa, akanywa kahawa na En Qi. Mtoto alichovya mkate, akamtazama babu yake kwa muda mrefu juu ya ukingo wa kikombe.

"Unaniangalia nini?"

"Hakuna, Ah Kong," akasema, akimwita babu kwa lugha ya nyumbani.

Mama yake alimpeleka chekechea, akarudi mbio, akajifungia juu. Dakika kumi baadaye mzee alichungulia kiboksi cha chini. Chekundu.

Safari hii alikuwa amejiandaa. Alitoa kabatini redio yake ndogo ya betri, ile ya kushika mkononi, akaiweka kwenye mawimbi ya kati, mahali pasipo na stesheni. Mafundi wa zamani walijua: penye waya mbovu au kifaa kinachochafua umeme, redio kama hiyo hukwaruza na kupiga kelele. Ukizidi kukisogelea kifaa, kelele huzidi. Redio haina jamaa, haina mkwe, haisemi uongo. Akatoka nayo hadi kwa Maniam.

Maniam alikuwa kweli kwenye kidimbwi, suruali imekunjwa magotini.

"Lo, tauke, bosi wangu! Umekuja kunipima presha?"

"Nyamaza kidogo."

"Nyumba yangu, unaniambia ninyamaze!"

Beng Swee aliizungusha redio juu ya pampu. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayekohoa mbali. Akaingia jikoni kwa jirani bila kukaribishwa, akapita kila soketi, akachungulia nyuma ya friji. Hakuna kiboksi cheupe. Redio ilikuwa karibu imenyamaza kabisa.

"Miaka thelathini nimekagua abiria," alisema Maniam akimfuata na miguu yake yenye tope, "sijamkagua mtu kama unavyonikagua mimi leo. Umepoteza tiketi?"

"Mtandao wa mkwe wangu unakatika."

"Kwa hiyo mwizi ni mimi na samaki wangu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa redio, Swee." Maniam alicheka, lakini si sana. "Nenda ukaanze kwako, ndugu yangu. Sisi huku hatuna hata intaneti, mke wangu anaona gharama."

Beng Swee alirudi na aibu iliyogeuka hasira, na hasira yenyewe aliielekeza ghorofani. Sasa amebaki mmoja, alijisemea. Lakini alipokanyaga kizingiti chake, redio ilianza kukwaruza. Alipiga hatua kuelekea ngazini; kelele zikapungua. Akasimama. Akarudi nyuma, kelele zikapanda. Akageuka kulia, kuelekea sebuleni, na redio ikalia kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Alifuata kelele hizo hatua kwa hatua, mkono umenyooka mbele, mpaka akajikuta amesimama mbele ya picha ya Gaik Sim, na redio inapiga mayowe juu ya taa ya yungiyungi.

Alinyoosha mkono akazima swichi ya taa. Redio ikanyamaza. Akageuka: kiboksi chini ya televisheni kilikuwa kijani. Akawasha, chekundu. Fundi haamini jambo lililotokea mara moja tu, na mkono wake ulitaka kujaribu mara ya tatu kwa mazoea. Lakini juu alisikia sauti ya Pei Yoong, iliyokuwa imekwama, ikisema, "Puan? Puan, unanisikia?" Akazima, akauacha mkono wake ukiwa juu ya swichi, kana kwamba taa ingeweza kujiwasha.

Adapta ya ringgit nane. Yeye, aliyewakemea watu miaka arobaini kwa kununua takataka za bei chee. Akaitazama kalenda ya ukutani, ile ya kuchana kila siku, yenye tarehe kubwa ya kawaida, ya kazi na mishahara, na chini yake tarehe ndogo ya mwezi mwandamo. Alichambua karatasi zilizochanwa, alizokuwa akiziweka ili aandike upande wa nyuma. Jumanne ile: siku ya kwanza. Jumanne nyingine: ya kumi na tano. Jumatano: ya kwanza. Leo: ya kumi na tano. Tarehe za mshahara na tarehe za wafu hakuwahi kuzitazama pamoja maishani mwake. Aliona haya, na chini ya haya aliona furaha, kwa sababu sasa amelijua tatizo, na tatizo lililojulikana fundi hulimaliza. Hakuna Johor.

Saa sita mchana Pei Yoong alishuka. Alikuwa anatabasamu, na Beng Swee alitambua kwamba hajawahi kuyaona meno yake.

"Nimepita, Baba! Kulikuwa na ubovu mwanzoni, halafu laini ikawa safi kabisa. Puan Salbiah amesema mkataba utakuja ke—" Macho yake yakafika mezani. Tabasamu likakatika. "Baba! Taa ya Mama imezimika! Leo ya kumi na tano!" Akakimbilia swichi.

"Acha."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Nimeizima mimi," alisema Beng Swee. Akamtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza. "Wewe ulijua."

Pei Yoong aliteremsha mkono. "Mara ya tatu, Baba. Nilishuka kuchukua maji, nikaona taa kubwa inawaka na kiboksi chekundu. Nikaangalia kalenda."

"Wiki mbili nzima! Ukakaa kimya, kazi inakuponyoka?"

"Ningesemaje? Niliingia nyumba hii nikaambiwa vitu viwili nisiviguse. Nimwambie baba mkwe azime taa ya marehemu, kwa ajili ya kompyuta yangu?"

Beng Swee alikumbuka alivyopanda ngazi bila viatu, akataka kukohoa, akakohoa. "Basi yameisha," alisema hatimaye. "Adapta hii naitupa leo hii. Nitatafuta nzuri, ya kweli. Na umwambie Chee Kiat mambo ya Johor ayasahau. Kazi umepata."

Pei Yoong aliisogeza sahani ya machungwa kidogo kushoto, kisha akairudisha.

"Ameshatia saini, Baba. Jumatatu."

"Lakini kazi umepata!"

"Hii naweza kuifanya popote."

"Sasa Johor kuna nini?"

Alisema taratibu, bila ubaya wowote. "Hakuna kitu, Baba. Ila huko, mtu akiniuliza kwa nini mtandao umekatika, nitaweza kumjibu."

Beng Swee alikaa kwenye kiti cha rotani. Maneno yale hayakumpiga mara moja. Yaliingia ndani polepole, na alipoyaelewa aliona kwamba hakuna pa kuyashikia ili abishane nayo. Laiti angemlaumu, laiti angepiga kelele, angejua la kufanya. Akauliza kitu cha kwanza kilichomjia.

"En Qi anajua?"

"Anajua tangu mwezi jana. Tulimwomba asikwambie."

Mwezi mzima. Kila asubuhi mtoto yule alishuka ngazi, akachovya mkate kwenye kahawa ya babu yake, akamtazama, akanyamaza. Katika nyumba ile nzima, huyo peke yake ndiye Beng Swee alikuwa hajamshuku.